Jadak wa Minnesota

Kabla sijakuambia habari ya Filister, lazima ujue neno moja la Kijaluo, maana hilo neno ndilo lilimharibia. Jadak. Jadak ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Walimkaribisha, wakamwonyesha mahali pa kujenga, akalima, akaoa, akazaa. Anaweza kuzeeka hapo akiheshimiwa na kila mtu. Lakini siku ya kugawa shamba haitwi, na siku ya kuchagua kiongozi anaambiwa asante kwa kuja. Sio tusi. Ni ukweli tu, ule ambao kila mtu anaujua na hakuna anayetaka kuusema akiwa amekula kwa huyo mtu.

Filister ni fundi wa nguo hapa Kendu Bay. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la vitambaa la Hadiya, na iko hapo tangu mimi nikiwa nasari. Ukinunua kitambaa ndani kwa Hadiya, unashonewa nje kwa Filister, na ukitaka umbea unabaki kwenye benchi katikati. Alizaliwa Sakwa, kule Migori, akaolewa huku Karachuonyo, kwa hivyo watu wanamwita Nyar Sakwa, binti wa Sakwa, hata sasa akiwa na mvi. Mume wake alikufa zamani, akamwachia boma, kaburi la kutunza, na mtoto mmoja anaitwa Bravin.

Bravin alienda Amerika kusomea uuguzi, akabaki. Ameoa huko, ana watoto huko. Halafu mwaka mmoja akaamua anataka kiti kwenye bunge la jimbo, kule Minnesota.

Sasa niseme jambo litakalonifanya nitukanwe huko chini kwenye maoni. Obama alituharibu akili. Tangu yule mtu aingie Ikulu yao, kila mzee wa hapa anaamini Amerika ni mlango ambao Mjaluo ameshaufungua, kilichobaki ni kuingia tu na kupangusa miguu. Ukiwaambia kuna Amerika nyingi, na kwamba mtu mweusi akisimama hapa anahesabiwa hivi na akisimama pale anahesabiwa vile, wanakuangalia kama mtu amekulipa uwaharibie siku.

Bravin alijaribu kueleza. Alikuwa akipiga simu mchana, Filister anaweka sauti kubwa juu ya meza ya cherehani ili aendelee kushona, na baraza yote inasikia. Miaka ya kwanza aliishi Kusini, Alabama.

"Mama, huku ni kama Migori," akasema siku moja. "Ukijua jina la mtu umejua kura yake. Weusi ni wengi, wanachagua huku. Wazungu ni wengi zaidi, wanachagua kule. Mahali weusi wamejaa wanapata kiti chao. Lakini ukitaka jimbo zima, hesabu inakataa."

"Kama Mkuria akitaka ugavana, na Wajaluo ndio wengi," Filister akasema.

"Kama hivyo."

"Anapewa unaibu na soda," mteja mmoja akasema, na benchi nzima ikacheka.

Bravin alikuwa amefikiria kusimama hukohuko Kusini, kati ya watu weusi wenzake. Wazee wa kanisa moja wakamkaribisha vizuri, wakampa chakula, halafu wakamuuliza, watu wako ni nani? Bibi yako alikuwa anakaa upande gani? Walimaanisha wale bibi zao walioumwa na mbwa wa polisi wakidai haki ya kupiga kura. Yeye bibi yake alikuwa anakausha omena hapa ufuoni.

"Wana haki," Filister alimwambia. "Hata mimi ningeuliza."

Ndiyo akahamia Minnesota, mji mdogo, wazungu watupu, baridi ya kuua kuku. Akapata kazi, akajulikana, akaanza kubisha milango ya watu akiomba kura. Wanamfungulia, wanampa maji, wanatabasamu. Wengine wakaweka kibao cha jina lake kwenye nyasi zao.

"Hapa mtu mweusi anaweza kushinda kwa wazungu, mama. Mradi asiwatishe."

"Utawatisha na nini? Wewe hata kuku ulikuwa unaogopa kuchinja."

Alikuwa anacheka, lakini aliacha kushona. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikingoja suruali. Nilichokisikia mimi si kitu cha kuchekesha. Kusini weusi ni wengi, wanakuzuia kwa sababu hujateseka nao. Kaskazini ni wachache mpaka hawamtishi mtu, na kwa sababu ni wachache, mzungu akibadilisha nia hakuna wa kukuokoa. Bravin alikuwa amejenga kampeni yake yote juu ya tabasamu.

Hapo ndipo Duke anaingia. Duke ni yule jamaa mwenye ukurasa wa habari za Kendu, yule anayepiga video mazishi, harambee na wanasiasa wa wadi wakishuka kwenye gari. Akamwendea Filister: "Mama, Amerika wanapenda familia. Wacha tupige video umbariki. Naweka Kiingereza chini, naisambaza, Bravin anapita."

Filister akavaa ile suti ya kanisani ya rangi ya maziwa, akasimama nyumbani kwake kando ya kaburi la mumewe, akaweka mkono kwenye msalaba wa simenti. Alisema kwa Kijaluo, mimi nakuwekea Kiswahili.

"Bravin, mtoto wangu. Huyu hapa ni baba yako, na nafasi kando yake ni yako. Simba yako ni ile, mabati tumebadilisha. Huko uliko wewe ni jadak. Jadak hanyakui, jadak anaomba. Waombe hao watu vizuri, uwafanyie kazi kwa moyo, na ukimaliza urudi dala. Mungu akutangulie."

Simba ni ile nyumba ya kijana ndani ya boma la baba yake. Dala ndiyo hiyo boma yenyewe, nyumbani kwa ukweli, pale utakapozikwa. Mjaluo akisikia hayo maneno anafuta machozi. Ni baraka kamili, haina kasoro. Kwetu mtu asiye na dala ni mzururaji, huwezi kumpa hata uongozi wa kwaya. Filister alikuwa anawaambia wazungu: huyu ana kwao, mnaweza kumwamini, hajawakimbilia kwa sababu ya njaa.

Duke akaandika Kiingereza chini. Alipofika kwa jadak akaandika skwota, yule anayevamia shamba la watu. Usimcheke sana. Ukienda kwenye kesi za mashamba utasikia watu wanalitafsiri hivyohivyo. Lakini hebu isome sasa kama mzungu mkulima wa Minnesota: mama mzazi, mkono juu ya kaburi, anamwambia mtoto wake, wewe ni skwota kwa hao watu, ukimaliza nao rudi nyumbani.

Wapinzani wa Bravin hawakuongeza kitu. Waliiweka vilevile, uso wa Filister na yale maneno, halafu mwisho wakauliza swali moja: akimaliza nini?

Bravin alipiga simu asubuhi, muda ambao kwake ni usiku. Filister akaweka sauti kubwa kama kawaida.

"Mama, ulisema nini?"

"Nilikubariki."

"Uliniita skwota."

"Skwota? Mimi? Nilisema jadak."

"Ndiyo hiyo."

"Sio hiyo, Bravin!" Akasimama kabisa. "Skwota hakuna mtu alimuita. Jadak alikaribishwa!"

Wateja wakaanza kuangalia viatu vyao. Filister akatoa ile sauti kubwa, akaweka simu sikioni, akageukia ukuta. Mengine alituambia baadaye, mimi na Hadiya, akiwa na hasira ya kutosha kutueleza neno kwa neno.

Mama wa Kizungu anayesimamia kampeni ya Bravin alitaka video nyingine. Mama aseme mtoto wake yuko nyumbani huko Minnesota. Maneno machache tu, basi.

"Nitasema ana nyumba hapo," Filister akamwambia. "Nyumba ni sawa. Nyumba mtu anaweza kuwa nayo hata Nairobi."

"Sema dala, mama."

"Hawa watu hawajui tofauti ya nyumba na dala. Nikisema nyumba shida iko wapi?"

"Wale wengine wamepata mtafsiri. Mjaluo kama sisi, anakaa Minneapolis. Atawaambia umesema ot, nyumba tu, hukusema dala. Watasema umekwepa."

"Mjaluo gani huyo?"

"Mama."

"Nataka jina lake na kwao ni wapi."

"Mama, tafadhali. Kura imekaribia. Nimebisha milango mpaka mkono umevimba. Nitapoteza kwa neno moja."

Sasa elewa kitu alichokuwa anaombwa. Akisema dala ya Bravin iko Minnesota, amesema Bravin atazikwa Minnesota. Hakuna njia ya kulipitisha hilo neno pembeni. Na mama hasemi tu. Neno la mzazi kwetu linashika. Amwambie mtoto wake pekee, huku baba yake amelala hapo na nafasi imeachwa wazi kando yake, kwamba hiyo nafasi sio yake tena. Kwa ajili ya kiti cha bunge la jimbo ambalo hapa hakuna mtu anaweza kulionyesha kwenye ramani.

Akakaa na hilo jambo siku kadhaa, akishona vibaya. Alimshonea mwalimu mmoja mikono miwili ya kushoto. Mwishowe akamuuliza Hadiya.

Ili uelewe jibu la Hadiya, ni lazima nikurudishe nyuma. Hadiya na kaka yake Yakub walizaliwa hapa Kendu, lakini ni Waislamu na ukoo wao si wa Kijaluo. Baba yao aliliendesha hilo duka la vitambaa mpaka akafa. Uchaguzi uliopita Yakub alitaka tiketi ya udiwani. Anaongea Kijaluo kama mimi, kila mtu anamjua, mazishi yote anahudhuria. Kwenye mkutano mtu mmoja akainuka nyuma ya ukumbi, akauliza jambo moja: "Huyu dala yake iko wapi?" Ukumbi ukacheka. Yakub naye akacheka, kwa sababu angefanya nini kingine, halafu akakaa chini. Kesho yake asubuhi Filister akiwa anafungua cherehani alimwambia Hadiya, bila ubaya wowote: "Yakub ni mtu mzuri kuliko hao wote. Lakini ni jadak, Mama Sumayya. Unajua vile mambo iko." Hadiya akasema, "Najua," akaendelea kukata kitambaa. Haikuongelewa tena.

Kwa hivyo Filister alipouliza, "Mama Sumayya, niseme ama nisiseme?" Hadiya hakuinua macho.

"Kwani unaniuliza mimi? Mimi ni jadak."

Miguu ya Filister ikaacha kukanyaga. "Usiniongeleshe hivyo."

"Nakuongelesha na neno lako. Baba yangu amezikwa pale juu. Babu yangu pia. Mlimuuliza Yakub dala, na makaburi yako pale mnayapita mkienda soko. Kwa hivyo usidanganywe ati ukitaja kaburi ya Bravin watampa kura. Kaburi haisaidii."

"Basi nisiseme."

"Sijasema usiseme." Hadiya akaweka makasi chini. "Wewe ulizaliwa wapi, Nyar Sakwa?"

"Unajua ni wapi."

"Na utazikwa wapi?"

"Hapa, kwa mume wangu."

"Sasa si umeona? Mtu anaweza kuzaliwa huku na alale kule na jua linatoka."

"Mimi ni mwanamke. Mwanamke ndio hufanywa hivyo."

"Eeh," Hadiya akasema. "Mwanamke, na Yakub, na huyo wako."

Filister akashona kama mtu anayekimbizwa. Mteja aliyekuja kuchukua rinda aliambiwa arudi Ijumaa na hakuthubutu kuuliza kwa nini.

Ile video ya pili hakumwita Duke. Duke alikuja mwenyewe kuomba msamaha, akaambiwa aende apige video ng'ombe. Hadiya ndiye alishika simu. Safari hii haikuwa kaburini. Filister alikataa katakata kusema hayo maneno mahali baba ya Bravin anasikia. Ilikuwa barazani, mbele ya cherehani, amevaa nguo ya kazi na utepe wa kupimia shingoni.

"Mimi ni mama ya Bravin," akasema. "Watu walielewa vibaya maneno yangu. Bravin ako nyumbani. Watoto wake wako hapo, kazi yake iko hapo. Dala mare ni kuno, dala yake iko huko kwenu. Mtunzeni."

Hadiya akauliza, "Turudie? Hapo mwisho sauti imeshuka."

"Hiyo haisemwi mara mbili," Filister akasema.

Duke hakuhitajika kuisambaza. Kabla ya jioni Kendu yote ilikuwa imeiona. Walewale waliokuwa wanampigia vigelegele sasa wakaanza kumpita kwa mbali. Shemeji yake, kaka ya marehemu, akaja mpaka barazani na fimbo yake.

"Nyar Sakwa, nimesikia umemgawa mtoto wa ndugu yangu."

"Umesikia vizuri ama umesikia nusu?"

"Nauliza tu. Kama simba haina mwenyewe, mbuzi zangu zinanyeshewa."

"Weka mbuzi ndani ya simba ya Bravin nitakushona hiyo mdomo na uzi wa gunia."

Watu wakacheka, shemeji akaondoka. Lakini Filister alifumua mshono aliokuwa ameumaliza, akaanza upya.

Matokeo yalitoka kukiwa asubuhi kwetu. Hadiya alikuwa anafungua milango ya duka, Filister anapaka cherehani mafuta. Simu ikalia. Hakuweka sauti kubwa, lakini Bravin alikuwa anaongea kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa anaongea na watu wengi kabla.

Alipoteza.

Alieleza mambo mengi. Mjini alikuwa mbele. Mashambani ndiko alichinjwa. Wale waliompa maji, wale waliomwambia tutaonana Novemba, walimwona kweli, wakampita. Filister akauliza kama ni ile video. Akasema hapana, mama. Halafu akasema labda kidogo. Halafu akasema hata mweusi mwingine aliyesimama jimbo la jirani, mwenye mama mzaliwa wa hukohuko, hana video yoyote, ana bibi na babu makaburini, naye ameanguka. Kwa hivyo hajui. Na mimi pia sijui, na anayekuambia anajua anakuuzia kitu. Unaweza kuwa na kaburi ukose, unaweza kukosa kaburi ukose.

Filister alimwacha amalize. Kisha akasema, taratibu, "Sasa imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Basi nirudishie maneno yangu. Nilisema kwa sababu ya kura. Kura imeisha. Sema na mdomo wako: mama, dala yangu ni Kendu. Sema tu hivyo, nitasikia, yataondoka."

Hadiya alisimama na kufuli mkononi. Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni wa maji. Upande ule wa simu kulikuwa na sauti ya mtoto akiuliza kitu kwa Kiingereza, na Bravin akimjibu kwa upole.

"Mama," akasema. "Hawa watoto wangu wakizika mtu watataka kumtembelea."

"Sikukuuliza watoto."

"Najua."

"Bravin."

"Nitakupigia, mama. Sijalala."

Akakata. Filister akaweka simu juu ya meza kifudifudi, kama sahani iliyooshwa. Nilidhani atalia. Alichukua kitambaa, akapangusa mafuta yaliyomwagika kwenye gurudumu la cherehani, akapangusa tena mahali palipokuwa pakavu.

"Mama Sumayya," akasema. "Nipeleke kwa baba yako."

"Baba yangu yupi?"

"Unajua yupi. Twende nimwone."

Hadiya akarudisha kufuli mlangoni. Duka la vitambaa lilifungwa asubuhi ya siku ya soko, jambo ambalo hapa halijatokea tangu mzee mwenyewe afe, na watu wakaanza kuulizana nani amekufa. Wanawake wawili wakapanda barabara, mmoja na buibui, mmoja na utepe wa kupimia bado shingoni. Mimi niliwafuata mpaka mahali ambapo adabu inaruhusu.

Kwenye makaburi ya Waislamu Hadiya hakuingia, alisimama penye ua wa michongoma akanyoosha kidole. "Ile, chini ya muarubaini."

Filister akaangalia. Hakukuwa na msalaba, hakukuwa na jina, simenti wala picha. Tuta la udongo tu na jiwe upande wa kichwa, na mengine mengi kama hilo.

"Utajuaje ni yeye?"

"Najua."

"Na watoto wako?"

"Nimewaonyesha."

Filister akakaza macho kwenye lile tuta muda mrefu, kama anavyokazia kitambaa kabla hajaweka makasi. Chini yetu paa za Kendu zilikuwa zinawaka jua, na ziwa nyuma yake.

"Na kwao ilikuwa wapi, huyu mzee?" akauliza. "Kwao kabisa, kabla waje hapa?"

"Alituambia," Hadiya akasema. "Nimesahau jina."